Kompyuta mpya inayochemka: hitilafu ya kutafuta kabla ya kurudisha prosesa mpakani

Mwongozo kwa wauzaji, wasafirishaji na wanunuzi wa kompyuta zinazounganishwa nchi moja na kutumika nchi jirani

Kompyuta nyingi za mezani zinazotumika katika ofisi za mawakala wa forodha, maghala na maduka ya ukanda huu hazitoki kiwandani zikiwa kamili. Vifaa huingia kupitia Dar es Salaam au Mombasa, mafundi wa Kariakoo, wa barabara ya Luthuli jijini Nairobi au wa katikati ya Kampala huviunganisha, kisha kompyuta hupakiwa kwenye lori kwenda Kigali, Bujumbura, Goma au Lubumbashi.

Baada ya siku chache huja simu kutoka kwa mnunuzi. Kompyuta ni mpya lakini inachemka. Feni inapiga kelele kama ya mashine ya kusaga, kazi zinakwenda polepole, na wakati mwingine mashine inazimika ghafla huku tamko la forodha likiwa halijatumwa na lori linasubiri mpakani. Mnunuzi husema prosesa ni mbovu. Muuzaji husema mzigo uliharibiwa njiani. Msafirishaji husema alibeba boksi lililofungwa na hakulifungua.

Mara nyingi prosesa yenyewe ni nzima. Prosesa ni miongoni mwa vifaa vya kompyuta vinavyoharibika kwa nadra, hasa ikiwa mpya. Tatizo kubwa liko pale prosesa inapokutana na kifaa cha kuipoza, yaani kwenye kazi ya mikono ya fundi au kwenye mitikisiko ya barabara. Hitilafu hiyo hutengenezwa kwa bisibisi na pesti kidogo, bila kuvusha kitu mpaka kwa mara ya pili. Makala hii inaeleza jinsi ya kuitafuta kwa mpangilio, kuanzia hatua isiyo na gharama hadi yenye gharama.

JOTO LINAVYOTOKA KWENYE PROSESA

Prosesa inayotumika sana katika kompyuta za ofisi, kwa mfano Intel Core i5-12400 iliyotoka mwaka 2022, hutumia wati 65 katika kazi ya kawaida na inaweza kupanda hadi wati 117 inapoongeza kasi kwa muda. Umeme huo wote hugeuka kuwa joto, nalo hutoka kwenye kipande cha silikoni chenye ukubwa unaokaribia ukucha wa kidole gumba. Bila njia ya kutokea, joto hilo hufikia kiwango cha hatari katika sekunde chache.

Njia yenyewe ni mnyororo. Joto hutoka kwenye silikoni na kuingia kwenye kifuniko cha chuma cha prosesa. Kutoka hapo hupita kwenye tabaka jembamba la pesti ya kupitisha joto, likaingia kwenye kipoza, ambacho ni bonge la alumini au shaba lenye mapezi na feni juu yake. Feni huhamishia joto kwenye hewa iliyo ndani ya kasha, na feni za kasha huitoa hewa hiyo nje. Dereva wa lori anaufahamu mpango huu: rejeta ikiwa nzima lakini maji hayazunguki, injini itachemka tu. Kwenye kompyuta pia, kiungo kimoja kikikatika joto hurudi nyuma hadi kwenye prosesa.

Prosesa za sasa zina ulinzi wake. Joto likifika kwenye kikomo, prosesa hujipunguza kasi. Likizidi kupanda, huzima mashine. Haikuwa hivyo siku zote. Mwaka 2001 tovuti ya Tom's Hardware ilionyesha video ya prosesa za AMD Athlon zikiungua baada ya kuondolewa kipoza, wakati Pentium 4 ilipunguza kasi na kunusurika. Leo kompyuta mpya iliyochemka na kuzimika mara kadhaa haijaungua kwa sababu hiyo peke yake, na hakuna haja ya kuihukumu kabla ya ukaguzi. Hata hivyo, kuiacha ifanye kazi kwenye kikomo kwa miezi kunapunguza umri wake na kumlipisha mnunuzi kasi asiyoipata.

NYUZI NGAPI NI NYINGI

Kila aina ya prosesa ina kikomo chake cha joto, kilichowekwa na mtengenezaji, kwa nyuzi za sentigredi:

- Intel Core i5-12400: nyuzi 100
- AMD Ryzen 5 5600G: nyuzi 95
- AMD Ryzen 7 5800X: nyuzi 90
- AMD Ryzen za mfululizo wa 7000 zenye herufi X: nyuzi 95

Hizi za mwisho zinahitaji uangalifu. AMD ilizitengeneza ili zipande hadi nyuzi 95 zinapofanya kazi nzito na kubaki hapo. Mnunuzi anayeona 95 kwenye Ryzen ya aina hiyo hajaona hitilafu. Anayeona 95 kwenye kompyuta ya ofisi yenye prosesa ya wati 65, huku ameandika barua tu, ana tatizo.

Kwa prosesa ya wati 65 yenye kipoza kilichofungwa vizuri, joto la nyuzi 30 hadi 50 wakati mashine haina kazi ni la kawaida. Wakati wa kazi nzito, nyuzi 60 hadi 80 hazina wasiwasi. Ikivuka 85 inafaa kuchunguzwa, na ikigusa kikomo kwa kazi ya kawaida kuna kiungo kilichokatika.

Joto la chumba nalo huhesabiwa. Kipoza hakiwezi kushusha prosesa chini ya joto la hewa inayokizunguka, na chumba kikipanda nyuzi 10, prosesa nayo hupanda karibu nyuzi 10. Kompyuta iliyojaribiwa Nairobi usiku katika chumba cha nyuzi 20 na kuonyesha 78 inaweza kufika 90 katika ghala la Mombasa lenye nyuzi 32, bila kuharibika chochote. Muuzaji anayepeleka mzigo pwani anapaswa kuacha nafasi hiyo wakati wa majaribio.

Joto husomwa kwa programu za bure kama HWiNFO au Core Temp kwenye Windows, na lm-sensors kwenye Linux. Linaweza pia kusomwa ndani ya BIOS, lakini huko prosesa haitumii mbinu zake zote za kuokoa umeme, hivyo namba huwa juu kidogo kuliko ya mashine iliyotulia ndani ya Windows. Namba zisizobadilika kamwe, kwa mfano 127 mfululizo, kwa kawaida hutoka kwenye kihisi ambacho hakijaunganishwa na kitu. Ryzen 7 1700X na 1800X za mwaka 2017, ambazo bado huuzwa kama mtumba, hutoa namba iliyoongezwa nyuzi 20 juu ya joto halisi, na programu za zamani huionyesha bila kuipunguza.

Kwa majaribio ya kazi nzito, dakika 10 hadi 30 za Cinebench au OCCT zinatosha. Prime95 huisukuma prosesa kupita kazi yoyote ya ofisi, hivyo joto kubwa katika jaribio hilo peke yake si ushahidi wa ubovu.

DALILI NA MAANA YAKE

Kabla ya kushika bisibisi, fundi aangalie jinsi joto linavyopanda. Mwendo wake husema mengi kuliko namba ya mwisho.

Joto likiruka hadi kwenye kikomo ndani ya sekunde chache baada ya kazi kuanza, kipoza hakigusani na prosesa. Ama plastiki ya kinga haikuondolewa, ama pesti haipo, ama mguu mmoja umeachia.

Joto likipanda taratibu kwa dakika 10 au 20 hadi kufika juu, kipoza kinapokea joto lakini hewa haliondoi. Tatizo ni feni, kasha, vumbi au chumba.

Joto likiwa juu hata mashine isipofanya kazi, feni inaweza kuwa haizunguki kabisa, au kuna programu inayotumia prosesa kwa siri. Jedwali la kazi la Windows litaonyesha.

Mashine ikizimika ghafla wakati joto lilikuwa nyuzi 60 tu, joto si mshitakiwa. Hapo huchunguzwa pawa saplai, umeme wa jengo na kumbukumbu. Kosa la Kernel-Power namba 41 linaloandikwa na Windows halithibitishi joto. Huandikwa kila mashine inapozimika bila utaratibu, hata waya ukichomolewa ukutani.

Kuna kipimo kingine kisichohitaji chombo. Mashine ikiwa imefanya kazi dakika kadhaa na programu inaonyesha nyuzi 95, izimwe, waya wa umeme uchomolewe, kisha fundi aguse kwa tahadhari mapezi ya kipoza. Yakiwa ya baridi au vuguvugu, joto halikufika pale na kosa liko kwenye mgusano. Yakiwa ya moto sana, mgusano ni mzuri na kosa liko kwenye hewa. Kipimo hiki cha nusu dakika huamua fundi aanzie wapi.

HATUA ZA UKAGUZI

Kila hatua inayohitaji kugusa ndani ifanyike umeme ukiwa umechomolewa, na fundi aguse kwanza chuma cha kasha ili kuondoa umeme tuli mwilini.

1. Feni na plagi yake. Waya wa feni ya prosesa uingie kwenye tundu lililoandikwa CPU_FAN kwenye mazabodi. Ukiwa kwenye tundu la feni ya kasha, feni inaweza kuzunguka polepole bila kufuata joto la prosesa. Ujumbe wa "CPU Fan Error" wakati wa kuwasha humaanisha mazabodi haisikii mzunguko wa feni. Feni ya waya tatu ikiunganishwa kwenye tundu la pini nne, BIOS iwekwe kwenye DC ili kasi idhibitiwe. Waya uliolegea ukigusa mapanga ya feni huisimamisha, ufungwe pembeni.

2. Kukaza kwa kipoza. Vipoza vinavyokuja na prosesa nyingi za Intel hushikwa kwa misumari minne ya plastiki, mtindo ulioanza na soketi ya LGA775 mwaka 2004. Hapa ndipo makosa mengi hutokea. Mshale ulio juu ya kila msumari unaonyesha upande wa kufungulia, wala si wa kufungia. Kabla ya kufunga, vichwa vyote vizungushwe kinyume na mshale hadi mwisho, kisha misumari ibonyezwe kwa mshazari: mmoja, wa upande wa pili, halafu miwili iliyobaki, kila mmoja hadi usikike ukilia. Ushahidi uko nyuma ya mazabodi: kila mguu uwe umetokeza, na msumari wa katikati uwe umeingia kati ya makucha yake. Mguu mmoja ambao haukutokeza unatosha kuchemsha kompyuta nzima. Kwa vipoza vya skrubu, kila skrubu izungushwe mara chache kwa zamu, kwa mshazari, ili uzito usiegemee upande mmoja.

3. Kuondoa kipoza na kutazama chini yake. Ikiwa joto huruka ghafla, kipoza kiondolewe. Kwa prosesa za AMD za soketi ya AM4, mashine ifanye kazi dakika chache kwanza ili pesti ilainike, kisha kipoza kizungushwe kidogo kushoto na kulia kabla ya kuinuliwa. Kikivutwa moja kwa moja kikiwa baridi kinaweza kung'oa prosesa kutoka kwenye soketi na kupinda pini zake. Kwa prosesa za Intel, pini ziko ndani ya soketi ya mazabodi. Hazipaswi kuguswa kamwe, na pini iliyopinda hufuta dhamana.

Kitu cha kwanza kutafuta ni plastiki nyembamba ya kinga kwenye uso wa kipoza. Haionekani vizuri, na huachwa hata na mafundi wazoefu wanapounganisha mashine nyingi kwa siku moja. Kitu cha pili ni alama ya pesti. Ikiwa imesambaa sawasawa karibu uso wote, mgusano ulikuwa mzuri. Ikiwa imebanwa kona moja na nene upande mwingine, kipoza kilikaa mshazari. Ikiwa haina alama yoyote ya kubanwa, kipoza hakikugusa.

4. Pesti. Vipoza vipya vya boksi huja na pesti iliyokwisha kupakwa, na haihitaji kuongezwa nyingine. Lakini kipoza kikishainuliwa mara moja, pesti ya zamani ifutwe yote kwenye pande zote mbili kwa alkoholi ya isopropili na kitambaa kisichoacha manyoya, kisha ipakwe mpya. Kiasi cha punje ndogo ya njegere katikati kinatosha kwa prosesa za kawaida, na uzito wa kipoza utaisambaza. Pesti nyingi kupita kiasi huchafua mazabodi bila kusaidia. Dawa ya meno na grisi ya gari hazifai: hukauka au kuyeyuka, na mteja hupiga simu tena baada ya muda mfupi. Pesti ya metali ya maji nayo iepukwe katika kompyuta za biashara, kwa sababu hupitisha umeme na hula alumini.

5. Kipoza kinacholingana na soketi na wati. Umbali kati ya matundu ya kipoza kwenye mazabodi za Intel umebadilika: milimita 72 kwa LGA775, milimita 75 kwa familia ya LGA1150, 1151 na 1200, na milimita 78 kwa LGA1700 iliyoanza mwaka 2021. Kipoza cha zamani kilicholazimishwa kwenye mazabodi mpya huonekana kimeshika lakini hakibani. Uwezo wake nao uangaliwe. Core i9-13900K inaweza kuvuta hadi wati 253, na kipoza kidogo kilichotengenezwa kwa prosesa ya wati 65 hakitaiweza hata kikifungwa kwa ustadi. Prosesa za Intel zenye herufi K huuzwa bila kipoza, hivyo muuzaji anayetaja bei ya K bila kutaja kipoza anaacha shimo kwenye ankara.

6. Njia ya hewa. Hewa iingie mbele na kutoka nyuma au juu. Feni nyingi hupuliza kuelekea upande wenye mikono ya fremu inayoshika mota, na baadhi zina mshale ubavuni. Feni ya mbele na ya nyuma zote zikipuliza ndani, hewa ya moto hukwama. Kipimo chake ni rahisi: jaribio la kazi nzito lirudiwe ubavu wa kasha ukiwa wazi. Joto likishuka kwa nyuzi 10 au zaidi, kasha linabana hewa. Mahali pa kuweka nako kuangaliwe. Kompyuta iliyosukumwa ndani ya kabati la meza, mgongo ukigusa ukuta, huvuta hewa yake yenyewe iliyokwisha kuchemka.

7. Mipangilio ya BIOS. Baadhi ya mazabodi huja zikiwa zimeondoa kikomo cha umeme kilichowekwa na mtengenezaji wa prosesa ili zionekane na kasi zaidi. Fundi arudishe mipangilio ya kiwandani, azime nyongeza zozote za kasi, na aweke kikomo cha wati kinacholingana na prosesa. Kwa Core i5-12400 ni 65 kwa kazi ya muda mrefu na 117 kwa muda mfupi. Kwa kompyuta ya ofisi tofauti ya kasi ni ndogo, lakini tofauti ya joto ni kubwa.

Wenye Intel Core za kizazi cha 13 na 14 za mezani wana jambo la ziada. Mwaka 2024 Intel ilikiri kwamba baadhi ya prosesa hizo zilipewa volti kupita kiasi na kuanza kuyumba, ikatoa marekebisho kupitia BIOS na kuongeza dhamana kwa miaka miwili. Mashine ya aina hiyo inayojizima au kufunga programu hovyo isitangazwe kuwa ya joto kabla BIOS haijasasishwa.

8. Vipoza vya maji. Kama kompyuta inatumia kipoza cha maji, pampu ipate umeme kamili wakati wote. Dalili ya pampu iliyosimama ni joto kupanda ndani ya dakika chache huku bomba moja likiwa la moto, la pili la baridi, na rejeta yake haijapata joto.

9. Kubadilishana vifaa. Baada ya hatua hizo zote, kipoza kingine kizima chenye pesti mpya kijaribiwe. Ikiwa joto bado linaruka, prosesa ijaribiwe kwenye mazabodi nyingine. Hapo tu ndipo prosesa inaweza kuitwa mbovu kwa haki.

SAFARI YA BARABARANI

Kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma ni zaidi ya kilomita 900, na kutoka Mombasa hadi Kampala ni zaidi ya kilomita 1,000, ikiwa na matuta, mizani na vipande vya barabara mbovu. Kipoza kidogo cha boksi huhimili safari hiyo kikiwa kimefungwa sawasawa. Kikiwa na msumari mmoja uliobonyezwa nusu, mtikisiko humaliza kazi. Vipoza vikubwa vya mnara ni jambo jingine. Noctua NH-D15 yenye feni mbili ina kilo 1.32, na kasha likisimama wima uzito huo wote huning'inia kwenye mazabodi. Kila shimo barabarani ni pigo kwenye soketi.

Hivyo basi, kwa mzigo wa kuvuka mpaka:

- Kasha lisafiri likiwa limelazwa ili mazabodi iwe chini na kipoza kisimame juu yake. Boksi liandikwe wazi upande wa juu, na wapakiaji waelezwe.
- Kipoza cha mnara na kadi nzito ya picha viondolewe na kusafiri kwenye maboksi yao, pamoja na bomba jipya la pesti. Kama mnunuzi hana fundi, ndani ya kasha kujazwe sponji isiyo na umeme tuli ili kipoza kisicheze.
- Sponji ikiwekwa ndani, karatasi kubwa ibandikwe juu ya kitufe cha kuwashia ikisema iondolewe kwanza. Sponji iliyosahaulika hukamata feni na kuziba hewa, na kompyuta nzima huonekana mbovu siku ya kwanza.
- Maboksi yasiwekwe chini ya mizigo mizito wala karibu na turubai linalovuja. Kompyuta iliyotoka baridi ya milimani kwenda unyevunyevu wa pwani iachwe saa kadhaa ndani ya boksi kabla ya kuwashwa.

MAKABIDHIANO NA DHAMANA

Ugomvi mwingi huzuka kwa sababu hakuna aliyeandika hali ya mashine kabla ya safari. Muuzaji afanye jaribio la kazi nzito kwa dakika 30, kisha aandike kwenye hati ya mzigo aina ya prosesa, namba yake ya siri iliyo kwenye boksi, joto la chumba na joto la juu lililofikiwa. Picha ya nyuma ya mazabodi ikionyesha miguu minne ya kipoza hugharimu sekunde chache na huzima hoja nyingi baadaye.

Mnunuzi naye asisaini kabla ya kutazama. Boksi lililopondeka liandikwe kwenye nakala ya msafirishaji hapohapo. Ubavu wa kasha ufunguliwe, kipoza kitazamwe na kutikiswa kidogo kwa kidole, kisha jaribio lilelile lirudiwe. Namba mbili, ya kuondoka na ya kufika, ndizo zinazosema nani alipe. Zikilingana baada ya kuondoa tofauti ya joto la chumba, msafirishaji hana deni. Zikitofautiana kwa nyuzi 20 na kipoza kimelegea, swali linabaki kati ya aliyefunga na aliyebeba, na picha ya muuzaji italijibu.

Kuhusu dhamana, mnunuzi auliize mapema kama prosesa ni ya boksi au ya trei. Ya boksi huwa na dhamana ya mtengenezaji, ambayo kwa Intel kwa kawaida ni miaka 3. Ya trei huuzwa kwa bei nafuu bila boksi wala kipoza, na dhamana yake iko kwa muuzaji tu. Anayenunua trei kutoka kwa mfanyabiashara wa nchi nyingine ajue kwamba madai yake yote yatavuka mpaka pamoja na kifaa. Ikilazimu kukirudisha, ankara ya awali, hati ya forodha iliyokiingiza na namba ya siri vilingane, ili kifaa kitakachorudi badala yake kisitozwe kama bidhaa mpya.

KWA UFUPI

Kompyuta mpya ikichemka, fundi asome joto na kuangalia linavyopanda, kisha aguse mapezi ya kipoza. Mapezi ya baridi, prosesa ya moto: aende kwenye misumari, plastiki na pesti. Mapezi ya moto: aende kwenye feni, kasha na chumba. Vyote vikiwa sawa: aende kwenye BIOS, kisha abadilishane vifaa. Prosesa iwe ya mwisho kushitakiwa. Kuirudisha kutoka Lubumbashi hadi Dar es Salaam ni gharama ya usafiri, hati na siku za kungoja. Msumari wa plastiki ulioachia hurudishwa mahali pake bila gharama hizo.